Ubavu, tezi, boya au nanga: kuchagua namna ya kufunga chombo Italia, na maneno ya kila namna

Ukiita marina ya Italia kwenye redio (nyingi husikiliza chaneli 9 ya VHF), ukishataja jina la chombo, urefu na upana wake, jiandae kwa swali hili: "All'inglese o di poppa?" Ubavu au tezi, yaani nyuma ya chombo? Jibu lako ndilo linaloamua dafrau (mito ya kukinga ubavu usigonge) zining'inizwe wapi, kamba ngapi zitolewe na nani asimame omo, yaani mbele. Ukijibu "sì" kwa kuwa hukushika swali, anayekungoja gatini atajiandaa kwa namna moja nawe utaingia umejiandaa kwa nyingine. Mkorogano huo huonekana mkiwa mita 3 kutoka ukutani, na hapo nafasi ya kujirekebisha imekwisha.

Kwetu "funga", "kamba" na "gati" hutosha, maana wanaosemezana wanaona kitu kimoja. Kitaliano cha bandarini kimeyagawa maneno hayo vipande vipande. Ulinganisho huu unamfaa zaidi anayefanya kazi kwenye boti za matanga au za injini za mita 10 hadi 15. Wa meli kubwa tutafika kwao.

Herufi kwanza

Msomaji wa Kiswahili hutegwa na herufi moja hasa: "ch" ya Kitaliano husomwa k, na "c" mbele ya i au e ndiyo ch yetu. Banchina ni "bankina". Cima, yaani kamba ya chomboni, ni "chima". Ukisema "kima" hakuna atakayekuelewa, na kwetu utakuwa umetaja mnyama wa porini. "Gn" ni ny, "gh" ni g, "zz" ni ts: cazza husomwa "katsa". Herufi zilizorudiwa zitamkwe kwa kukazia. Ukisikia "Molla!" usidhani mtu anamwomba Mola, anataka uachie kamba, na anataka sasa hivi.

Pia weka kando destra. Kulia kwa chombo ni dritta, kushoto ni sinistra. Lakini dritto, yenye o mwishoni, ni "moja kwa moja". "A dritta" na "avanti dritto" ni amri mbili tofauti kabisa, na mwenye usukani akizichanganya ndani ya marina, boti ya jirani ndiyo itakayolipa.

Kwa nini tezi?

Mombasa bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3. Chombo kilichofungwa tezi kwenye ukuta usioelea kingening'inia au kingekata kamba zake kabla ya saa sita kupita. Bahari ya Mediterania karibu haina kupwa na kujaa: sehemu nyingi za Italia tofauti ni makumi ya sentimita tu, isipokuwa kaskazini mwa Adriatiki, Venezia na Trieste, ambako hufika kama mita moja. Kwa hiyo ukuta wa mawe ulionyooka unatosha, na vyombo vikipangwa tezi kwa ukuta, pale penye nafasi ya boti moja ya ubavu hukaa tatu. Ndiyo maana utakapokwenda utakuta di poppa ni kawaida na all'inglese ni nadra, hasa Julai na Agosti.

Usidanganyike, ubavu ndio rahisi kufunga. Tatizo ni kuupata.

All'inglese: ubavu kwa gati

Jina lina maana "kwa namna ya Kiingereza". Utaitumia penye pampu ya mafuta, kwenye ukuta wa kusubiri, kwenye gati la kazi, na palipo na jahazi jingine la kuegemea. Hii ya mwisho, ubavu kwa ubavu na chombo kingine, wao huiita a pacchetto.

Kamba ni nne kwa uchache: cima di prua (omo), cima di poppa (tezi), spring di prua na spring di poppa. Spring ndizo zinazozuia chombo kwenda mbele na nyuma. Ya omo hutoka omo ikielekea nyuma gatini, ya tezi hutoka tezi ikielekea mbele. Wageni wengi huzikaza sana kamba za omo na tezi, wakasahau spring. Matokeo yake chombo husogea mbele na nyuma kwa kila wimbi la boti ipitayo, na dafrau hutambaa mpaka hutoka mahali pake. Kwa boti ya mita 12, kamba za nailoni za milimita 14 hadi 16 zinafaa. Nailoni huvutika na kumeza mshtuko, polipropilini huelea lakini ni ngumu na jua huila haraka.

Dafrau (parabordi) nne au tano, zikusanyike pale ubavu unapotoka nje zaidi, si zigawanywe sawasawa toka omo hadi tezi.

Faida kubwa ya all'inglese ni kuondoka bila msaada. Upepo ukikubana ukutani, acha spring di prua peke yake, weka dafrau omo, ingiza gia ya mbele taratibu huku usukani umeelekezwa gatini. Omo itaegemea, tezi itafunguka kama mlango. Ikishatoka vya kutosha, gia huru, "Molla lo spring!", kisha nyuma.

Di poppa kwa trappa

Ukiwa na uchaguzi, chukua hii. Marina imekwishaweka chini jiwe zito la saruji (corpo morto), au mnyororo mnene uliolazwa sambamba na gati (catenaria). Kutoka hapo hupanda kamba nene, trappa, ambayo itafungwa omo kwako na kufanya kazi ya nanga. Ili uipate, kamba nyembamba (sagola, na wengine huiita pendino) imeiunganisha trappa hiyo na ukingo wa gati. Huangushi nanga, huogopi minyororo ya majirani.

Kinachohitajika ni mpangilio. Kabla ya kuingia: dafrau pande zote mbili na moja tezi, kamba mbili za tezi zimekwishafungwa upande mmoja kwenye galloccia (chuma chenye pembe mbili), zimepitishwa nje ya reli, zimekunjwa tayari kurushwa, mti wenye ndoano, mezzo marinaio au gaffa, uko mkononi, glavu zimevaliwa.

Rudi nyuma mpaka kama mita moja na nusu kutoka ukutani. Kamba ya kwanza kurushwa ni ya upande wa joshi, unakotoka upepo: cima sopravvento. Mtu wa gatini akiipitisha kwenye anello (pete) au bitta (nguzo fupi nene), atakunyooshea ile sagola. Ishike, tembea nayo upande wa joshi hadi omo huku ukiivuta, na ihakikishe inapita nje ya kila kitu: nje ya nguzo za reli, nje ya dafrau. Omo, endelea kuvuta mpaka ile nene itoke majini na kukaza, ndipo uizungushe kwenye galloccia. Kisha kamba ya pili ya tezi. Mwisho mwenye usukani ajaribu gia ya mbele taratibu. Chombo kikitulia tezi ikiwa mita moja kutoka ukutani, imekaa. Hapo ndipo passerella, ubao wa kushukia, hutolewa.

Mambo matatu huharibika hapa. La kwanza ni rafadha (pangaboi la injini): sagola inapokuwa hewani kati ya gati na omo, injini lazima iwe huru. Sagola ikinaswa, injini huzimika, chombo hubaki bila nguvu katikati ya boti za watu, na mtu hulazimika kupiga mbizi na kisu. Siku ya kuondoka ni vivyo hivyo: achia trappa, hesabu hadi ishirini izame, ndipo uingize gia. La pili ni mikono. Trappa iliyokaa majini miezi huota maganda makali ambayo Wataliano huyaita denti di cane, meno ya mbwa, na jina hilo si mzaha. Kwa mkono mtupu utakatwa kiganja kabla ya mita ya tatu. La tatu ni kuchukua trappa ya jirani. Ukiona imekwenda mshazari sana, si yako.

Di poppa kwa nanga

Magati ya zamani ya visiwani mara nyingi hayana trappa. Hapo unaangusha nanga mbele, unarudi nyuma hadi ukutani, unafunga kamba mbili tezi. Kosa kubwa ni kuangusha karibu. Kwa boti ya mita 12, angusha urefu wa boti tatu hadi nne kutoka gatini, yaani kama mita 36 hadi 48, na hakikisha kisanduku chako kina mnyororo wa kutosha kabla hujajaribu.

Nahodha akisema "Dai fondo!" nanga inaanguka. "Fila!" mnyororo unaendelea kutoka kadiri chombo kinavyorudi nyuma. Karibu na ukuta utausimamisha kidogo ili nanga ishike, na utaulizwa: "Ha fatto testa?" Maana yake, imeshika? Ikiwa haikushika, neno ni ara. Kitenzi arare ni kulima kwa plau, na ndicho hasa kinachofanyika: nanga inalima chini, chombo kinaendelea kurudi. Usione haya kusema "Ara!" kwa sauti. Aliyenyamaza ndiye anayegonga ukuta.

Balaa ya namna hii ni catene incrociate, minyororo iliyopishana. Aliyekuja baada yako amelaza wake juu ya wako, na asubuhi unapong'oa, nanga yako inaibuka na mnyororo wake umeinama juu yake. Usivute kwa nguvu. Inua mpaka mnyororo wake uonekane, pitisha kamba chini yake, rudisha ncha ile ile chomboni na ufunge ncha zote mbili. Hiyo ndiyo a doppino. Shusha nanga yako mita moja au mbili, itajitoa. Kisha achia ncha moja ya kamba, mnyororo wa jirani uanguke. Kama umemkuta yeye bado amelala, mwamshe kwanza, kwa sababu nanga yake huenda isishike tena vizuri.

Di prua, omo kwa ukuta, ni ndugu wa namna hii. Ichague tu pale ambapo mawe yamezama karibu na gati na unahofia usukani wako.

Gavitello au alla ruota

Nje ya bandari uchaguzi ni boya au nanga, na mara nyingi sheria huchagua kwa niaba yako. Katika maeneo ya bahari yaliyohifadhiwa, Area Marina Protetta, eneo la zona A haliingiwi kabisa na vyombo vya kawaida. Kwingineko hukatazwa kutia nanga juu ya majani ya bahari yaitwayo posidonia, na badala yake huwekwa campo boe, uwanja wa maboya. Boa ni boya lolote, hata la kuongozea meli. Gavitello ni dogo la kufungia. Likaribie ukiukabili upepo. Pitisha kamba a doppino kwenye pete ya chini, ile iliyoungana na mnyororo, si kwenye kishikio cha juu, maana kishikio kimewekwa cha kunyakulia tu.

Alla ruota ni nanga moja, chombo kikizunguka kadiri upepo unavyogeuka. Neno la kujua ni calumo, urefu wa mnyororo uliotolewa. Mara 4 hadi 5 ya kina kwa mnyororo mtupu. Mara 7 ikiwa sehemu kubwa ni kamba. Kina hupimwa kutoka omo, si kutoka usawa wa maji: maji ya mita 6 na omo iliyo mita 1 juu ni 7, kwa hiyo toa 28 hadi 35. Ukiwa magharibi mwa Sardegna na maestrale (upepo wa kaskazini-magharibi) inavuma, au Trieste wakati wa upepo uitwao bora, ambao hupita kilomita 100 kwa saa, hesabu hiyo haitoshi na pengine jibu bora ni kuingia ndani.

Gati lipi?

Banchina ni ukingo wa kufungia wenyewe, ukuta ulio sambamba na nchi kavu. Molo hutoka kuelekea baharini na mara nyingi hukinga mawimbi. Pontile husimama juu ya nguzo au huelea (pontile galleggiante). Darsena ni bwawa la ndani lililozungukwa na kuta. Asili yake ni Kiarabu, dar as-sina'a, nyumba ya kazi ya ufundi, ambayo vipande vyake viwili Mswahili anavijua tayari: dar, na sanaa.

Miji ina mambo yake. Napoli, boti za mwendo kasi za Capri hufunga Molo Beverello, na meli za magari hufunga Calata Porta di Massa, kwa hiyo "molo" na "calata" si mapambo ya jina. Genova ndiko panapochanganya zaidi: ponte, ambalo kila kitabu kitakuambia ni daraja, bandarini ni gati lililochomoza. Ponte dei Mille ndipo zinapofunga meli za watalii. Na ukirudi chomboni, ponte ni sitaha. Trieste kuna Molo Audace, uliopewa jina la manowari iliyofunga hapo Novemba 1918. Venezia wana bricola, magogo kadhaa yaliyofungwa pamoja, ambayo kazi yake kubwa ni kuonyesha mfereji ulipo. Palina, mti mmoja mmoja, ndio wa kufungia.

Amri zinazofanana

Hapa ndipo vidole hupotea. Tatu za kwanza zote zinaweza kutafsiriwa "legeza" na mtu mvivu wa kamusi.

| Amri | Fanya hivi | Kosa la kawaida |
|---|---|---|
| Lasca! | Legeza kidogo, mzunguko mmoja ukibaki kwenye galloccia | Kutoa kamba yote |
| Fila! | Toa urefu, endelea mpaka usimamishwe | Kuimwaga kwa mkupuo |
| Molla! | Achia kabisa | Kulegeza nusu, chombo kikaondoka kimefungwa |
| Cazza! | Vuta ikaze | Kuzungusha kamba mkononi ili kuvuta |
| Vira! | Ingiza kwa winchi | Kudhani ni kugeuza chombo kuupita upepo, kama kwenye matanga |
| Agguanta! | Shika hapo hapo, isiende wala isirudi | Kuendelea kuvuta |
| Dai volta! | Zungusha na ufunge | Kudhani ni "geuka" |

Dai volta kwenye galloccia: mzunguko mmoja kamili chini ya pembe zote, ukianza na pembe iliyo mbali na mzigo, kisha umbo la nane mara moja au mbili, kisha kitanzi cha kufungia. Ukianza na pembe ya karibu, kamba hujibana yenyewe na siku ya "Molla!" haitaachia. Gatini, penye bitta, tumia gassa d'amante, kitanzi kisichokaza. Ukikuta kitanzi cha mwenzako kimetangulia, pitisha chako kutokea chini ndani ya chake ndipo ukitumbukize kwenye bitta. Hivyo kila mmoja aondoka bila kumfungua mwingine.

Corda, cima, cavo

Usiseme corda. Wataliano wana msemo kwamba chomboni kuna corda moja tu, ile ya kengele. Kamba ya mashua ni cima, ya meli ni cavo, nyembamba ya kurushia ni sagola. Gherlino ni nene ya kufungia au kuvuta, gomena nene kuliko hiyo, ingawa siku hizi utaisoma kuliko kuisikia.

Kwenye meli kubwa hesabu hubadilika. Rubani na daraja la nahodha huzungumza Kiingereza, lakini ormeggiatori, wale wa gatini na kwenye vimashua vya kubebea kamba, husemezana Kitaliano. Kazi yao ni huduma rasmi, imo katika sheria namba 84 ya mwaka 1994 pamoja na urubani na tagi, chini ya usimamizi wa Capitaneria di Porto, ofisi ya mkuu wa bandari. Watataja cavi alla lunga (za mbele na nyuma kabisa), traversini (zinazokwenda moja kwa moja ukutani) na spring. Traversini humzuia chombo kuachana na gati, spring humzuia kusogea. Ukisikia "prima lo spring", usiwape alla lunga kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mguu wako. Kamba ikianza kulia au kupungua unene, ondoka kwenye mstari wake na kwenye kona inayozunguka, kwa sababu nailoni iliyokatika hurudi kwa njia ile ile iliyovutikia.

Kwa mashua ndogo, kamba ya mwisho kabla ya kuondoka, yoyote ile, iwe a doppino: itoke chomboni, ipite kwenye pete, irudi chomboni. Ncha ya kuachia isiwe na fundo wala kitanzi, maana ndivyo vinavyonasa kwenye pete, na pete iko gatini wakati wewe umeshaondoka.